Siku Mjomba Aliponisemea

Siku ya tano tangu nitoke gerezani, mama alinirushia ufagio.

"Keti!" akasema. "Umezunguka uwanja huu tangu alfajiri mpaka kuku wamekukimbia. Keti, Olebile, unanitia kizunguzungu!"

Nikaketi. Nikainuka tena. Kule ndani, kwa miaka minne, ukiinuka bila kuambiwa unaulizwa unakwenda wapi. Sasa nilikuwa na kijiji kizima cha kutembea, na miguu ilikuwa ikiniwasha. Nilikwenda mpaka langoni, nikaitazama barabara ya mchanga upande wa kina Boitshepo, nikarudi. Kwao ni pale tu, ukishapita bomba la maji na duka la Mchina, dakika kumi kwa miguu. Mwanangu Gaone alikuwa pale, na sikuruhusiwa hata kuusogelea uzio wao.

Niseme mapema kwa nini, usije ukanihurumia bure. Nilimvunja Boitshepo taya. Hatukuwa tumeoana, lakini tuliishi nyumba moja miaka mitano na Gaone alizaliwa humo. Nilimpiga kwa mguu wa kigoda, Jumapili mchana, kwa sababu aliniambia mbele ya rafiki zangu kwamba nimelewa. Na nilikuwa nimelewa! Haikuwa mara ya kwanza kumpiga, ila ndiyo iliyosikika mpaka kwa majirani. Gaone alikuwa kwa bibi yake siku hiyo, ana miaka mitatu, hakuona. Alipokuwa akitimiza miaka saba mimi nilikuwa napiga randa mbao za madawati ya serikali.

Siku niliyotoka, kaka zake Boitshepo walimletea mama ujumbe. Olebile asije kwetu. Mjomba wake aje kwanza kwenye kgotla, baraza la kijiji, amsemee mbele ya watu na kumchukulia dhamana, ndipo tutazungumza habari za mtoto.

Kwetu ndivyo ilivyo, sina wa kumlaumu. Mwanamume hajisemei. Ukitaka kuoa, ukitaka kuomba radhi, mdomo wako ni kaka wa mama yako. Unaweza kusimama kwenye kgotla umevaa koti zuri na kupaza sauti mpaka mishipa ikutoke, watu watakutazama tu na kuuliza, mjomba wake yuko wapi? Mimi baba yangu nilimjua kwa jina tu. Mjomba wangu ni mmoja, Segaetsho, kaka mkubwa wa mama, anayekaa moraka, yaani huko porini kwenye ng'ombe.

Kwa hiyo ili nimwone mwanangu nilimhitaji Segaetsho. Na Segaetsho ndiye mtu ambaye, kama ningeambiwa nichague mmoja wa kutomwona tena hadi nife, ningemtaja kabla swali halijaisha.

Habari zake nilizitoa kwa mara ya kwanza gerezani. Kila Jumanne alikuja mama mmoja wa ustawi wa jamii, Mma Dikgang, mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitukalisha wanaume wanane kwenye duara katika karakana ya useremala, katikati ya harufu ya gundi, akauliza, "Nani alikuwa wa kwanza kukuumiza?"

"Polisi!" akasema Letsholo, mwizi wa ng'ombe, tukacheka mpaka askari akachungulia.

Mma Dikgang naye alicheka. Akauliza tena Jumanne iliyofuata, na iliyofuata. Yule mama alikuwa king'ang'anizi, sijapata kuona. Mmoja mmoja watu wakaanza kufunguka, na mambo waliyoyatoa, jamani, wanaume wenye ndevu! Mimi nilikaa mwaka mzima nikiitazama sakafu. Halafu siku moja nikajikuta nasema.

Nilisema nilipelekwa moraka nikiwa na miaka minane. Nilisema mjomba alikuwa na kiboko cha ngozi ya ng'ombe kilichotundikwa mlangoni, na kwamba ndama akipotea, au maziwa yakimwagika, au nikilala jua likiwa halijazama, kilishushwa. Nilisema kuhusu mwezi wa Juni aliponifunga kwenye nguzo ya zizi kwa kamba ya ngozi mbichi, tangu asubuhi mpaka ng'ombe waliporudi jioni, na baridi ile, na nilivyojikojolea, na wachungaji wengine walivyopita wakicheka. Nilikaa kule miaka sita. Nilipomaliza kusema, watu wazima saba walikuwa wakiangalia viatu vyao. Letsholo akanipa sigara yake ya mwisho, na mwenye kujua gereza anajua hiyo ni nini.

Nilijisikia mwepesi. Usiku ule nililala. Na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nilinogewa. Akija mfungwa mpya namweleza habari za mjomba. Akija mchungaji wa kanisa, habari za mjomba. Niliisimulia mpaka nikajua mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wavute pumzi. Na kila nilipoisimulia, Boitshepo alipungua. Mwishowe alikuwa mtu mdogo tu aliyesimama pembeni mwa mkasa wangu.

Mma Dikgang akanikamata. "Olebile," akasema mbele ya wote, "habari za mjomba nimezisikia mara kumi na moja. Za Boitshepo sijazisikia hata mara moja."

Nilipiga ndoo teke ikaenda kugonga ukuta. Wiki mbili sikurudi kwenye duara lake. Niliporudi hakunikumbusha, akanisogezea kiti tu. Nilisema kidogo habari za Boitshepo, kwa shingo upande, na kifungo changu kikaisha nikiwa bado kwenye hicho kidogo.

Mjomba alifika Jumatano, siku moja kabla ya baraza, kwenye vani ya jirani, na mbuzi amefungwa nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kuliona jitu. Akashuka mzee. Goti moja halikunjiki, sikio la kushoto limekufa, jicho moja lina ukungu. Alinizunguka akinikagua kama ng'ombe wa mnada.

"Ebo! Kumbe serikali inalisha!" akapiga kelele, maana viziwi hupiga kelele. "Ona shingo hiyo! Mimi niliye huru nimekauka, yeye mfungwa ananenepa! Dada, na mimi nipeleke huko!"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. Sikumwona akicheka hivyo tangu nitoke. Alikuwa amepika uji mgumu wa mtama na nyama ya kuponda, na kama desturi mimi mdogo nikamshikia mjomba birika anawe mikono. Akainua mkono kurekebisha kofia yake. Kofia tu! Birika likaniponyoka likaanguka, maji yakatumwagikia miguu.

Mjomba akanitazama kwa lile jicho zima, halafu akacheka.

"Bado unauogopa mkono wangu! Vizuri. Ndiyo maana hukufia gerezani, nilikukomaza."

"Ndiyo, mjomba," nikasema.

"Unasemaje?"

"Ndiyo, mjomba!"

Nikaokota birika. Nilikuwa namfikiria Gaone, na nilikuwa nimeapa kumeza chochote kitakachoniletea Gaone. Mjomba akala vizuri, akalamba vidole, akatangaza mpango wake. Kesho atanisemea. Atatoa mbuzi kwa wazee wa kina Boitshepo. Halafu nitakwenda naye moraka mwaka mmoja, nitulie, niwatunze ng'ombe, kijiji kisahau.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto utaonyeshwa. Nikishasema mimi, nani atakataa? Wewe kazi yako ni kunyamaza na kukubali. Unaweza kunyamaza?"

"Hajawahi kushindwa kunyamaza huyo," mama akasema, na sikujua kama ananisifu.

Alhamisi asubuhi nilivaa koti la jirani, maana bila koti mwanamume haingii kgotla. Mikono yake ilinikomea juu ya kifundo cha mkono. Tukabeba viti vyetu, mjomba akiwa mbele na kigoda chake cha kukunja cha kamba za ngozi. Wanaume walikwishakaa ndani ya ua wa nguzo, wanawake upande wao, vichwa vimefungwa vitambaa, shali zimebanwa kwa pini. Boitshepo alikuwa pale.

Miaka minne sikumwona uso. Upande wa kushoto taya lilikuwa limeingia ndani kidogo, na mdomo ulivutwa huko. Mtu asiyejua angedhani ana jino bovu. Mimi nilijua. Nikaangalia mchanga.

Kgosi wetu, yaani mkuu wa kata, Mzee Ketlogetswe, alifungua kwa sala, akatoa nafasi. Mjomba akavua kofia, akasimama. Niseme haki yake, mzee yule anajua kusema. Aliwasalimu wote kwa koo zao. Aliwapa pole kina Boitshepo, akasema taya la binti yao ni taya la binti yake. Alisema kijana alikosa, serikali imemchapa kwa miaka, sasa amerudi na ukoo wake unamchukua. Hata kaka yake Boitshepo, Thuso, aliyekuja na uso wa vita, akaanza kulegea.

"Mnamjua huyu," mjomba akasema. "Nimemlea mimi kwa mikono hii. Hakuwa na baba, nilikuwa baba. Nilimfunza kazi, nilimfunza heshima. Sikupata kumgusa ila kama mzazi anavyomgusa mwanawe. Pombe ndiyo iliyomharibu, siyo malezi. Nipeni, nitamrudisha nilikomtoa, na akitoka kule mara hii atakuwa mtu."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, huyo ndiye mjomba. Mzee Ketlogetswe akawageukia kina Boitshepo, na baba yao mdogo akatikisa kichwa kukubali. Imekwisha! Nilimwona Gaone mbele yangu, nilimwona kabisa, ingawa sura niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtoto wa miaka mitatu.

"Olebile," akasema Mzee Ketlogetswe, "umesemewa. Simama mbele ya mjomba wako, umshukuru."

Ndivyo inavyofungwa shauri. Unavua kofia, unapiga goti, unaweka viganja pamoja, unasema asante, mjomba. Kila mtu anajua. Mimi nilijua, na wiki nzima nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa hilo. Nikaenda. Nikapiga goti kwenye mchanga mbele ya viatu vyake. Nikaweka viganja pamoja.

Neno halikutoka.

Jasho likanishuka ndani ya lile koti. "Sema, bwana," mtu akanong'ona. Mjomba akainama kidogo, akanitegea sikio zima, akasema kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ya chini na kgotla yote ikaisikia, "Haya. Sema kama nilivyokufundisha."

Nikasimama. Sikupanga, naapa.

"Nitasema ulivyonifundisha," nikasema. "Wazee, nisameheni, mimi sina ruhusa ya kusema. Mjomba alikuwa akimaliza kunipiga, alinitaka nipige magoti hivi na kushukuru. Kila mara. Damu ikiwa inatoka, nasema asante, mjomba. Sauti ikiwa ndogo, anaanza upya. Siku aliyonifunga nguzoni nilishinda pale na baridi, na aliponifungua nilikuwa sihisi midomo, na nilishukuru. Nilikuwa na miaka kumi. Hili la kushukuru hata gerezani sikulisema. Hamjui ni kitu gani mnaniambia nikifanye hapa."

Loo, kelele! Wazee watatu waliinuka kwa pamoja. Mtoto wa dada kumvua nguo mjomba wake kwenye kgotla, na mjomba ametoka kumsemea sasa hivi! Mmoja alitaka nichapwe pale pale. Mama alikuwa amejifunika uso kwa shali. Mzee Ketlogetswe akapiga fimbo chini mpaka wakatulia.

"Segaetsho," akasema, "umesikia?"

"Nimesikia, sikio moja linatosha," mjomba akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilinishangaza. Alikuwa ameketi, ameshika kofia mapajani. "Ni kweli. Nilimpiga. Nilimfunga. Na mimi nilifungwa nguzo ile ile na babu yake, na kuna nguzo ngapi hapa kijijini? Nyinyi mnaopiga kelele, vueni mashati tuone migongo! Nilidhani ndivyo mwanamume anavyotengenezwa. Mlitaka nimtengeneze vipi? Nani alinionyesha njia nyingine?"

Mwanamume mmoja alianza kukohoa akashindwa kuacha. Na mimi, nitasema aibu yangu, nilianza kujisikia vizuri. Watu walikuwa wananitazama kwa macho mengine. Yale yale ya kwenye duara, watu wanaangalia viatu vyao, na mimi katikati, niliyeumizwa. Nilitaka mtu anipe sigara.

Boitshepo akasimama.

"Naomba kusema, Kgosi," akamwambia Mzee Ketlogetswe.

Thuso akamvuta shali. "Wewe keti, tutakusemea."

"Mmenisemea miaka minne. Niache."

Mzee Ketlogetswe akaashiria kwa fimbo, na Boitshepo akageuka, hakumtazama mjomba, alinitazama mimi.

"Huyo kutoa asante kumemshinda," akasema. Alisema polepole, kwa sababu mdomo ule ukiharakishwa maneno yanagongana. "Mmemwonea huruma, nimewaona. Sasa mniulize mimi. Alikuwa akimaliza kunipiga alinifanya niseme nini? Olebile, waambie."

Nilinyamaza. Mama alisema kweli, hilo sijawahi kushindwa.

"Waambie!"

"Asante," nikasema.

"Hawakusikia huko nyuma."

"Nilimfanya aseme asante," nikasema. "Kila mara. Na sauti ikiwa ndogo, nilianza upya."

Hakuna aliyepiga kelele mara hii. Nilitamani wapige.

"Haya," akasema Boitshepo. "Mjomba alipigwa, akampiga mpwa. Mpwa akapigwa, akanipiga mimi. Ni hesabu nzuri, kila mtu ana wa kumsingizia. Mimi baba yangu marehemu alinipiga, mnajua nyote, mlikuwa mnasikia kutoka hapa. Halafu nikatoka kwa baba nikapigwa na huyu. Sasa niambieni, mimi nimempiga nani? Gaone ana miaka saba, aitwe aje aulizwe, mama yako amekupiga lini? Mimi nani alinionyesha njia nyingine?"

Mjomba aligeuza sikio zima, akasikia lote. Akavaa kofia yake, akaivua tena.

Miguu yangu ilitaka kuondoka bila mimi. Nilitafuta kitu cha kusema katika yote niliyofunzwa Jumanne zile, nikakuta mfukoni mna habari za mjomba tu.

"Hujampiga mtu," nikasema.

"Sijampiga mtu. Na mbuzi simtaki, mzee, asante, mrudishe." Hilo lilikuwa kwa mjomba. Kisha kwangu: "Gaone ananiuliza kwa nini ninatafuna upande mmoja. Nyama namkatia yeye, mimi nakula laini. Anauliza kila siku ya nyama. Namwambia nilianguka. Miaka yote hii nimekuwa nikisema uongo kwa ajili yako, na nimechoka. Unataka kumwona? Njoo Jumamosi, peke yako, umwambie wewe. Mbele yangu. Ukishamwambia, yeye ndiye atasema kama anataka uje tena. Sitamsemea, wala mjomba wako hatakusemea."

Thuso akaruka, "Haiwezekani, desturi..." na wazee wakaanza upya, nani alisikia wapi mtoto wa miaka saba akiamua, nani alisikia mtu akijisemea. Mzee Ketlogetswe aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa. Halafu akaniuliza kama nitakwenda.

"Nitakwenda," nikasema. Sikwenda moraka. Mjomba aliondoka mchana ule ule na mbuzi wake, na langoni akaniambia tu niwe nafunga lango vizuri, punda wanaingia.

Siku mbili zile sikulala wala sikula. Nilipiga randa mlango wa choo cha mama ambao hauna kosa lolote. Nilijisemesha kwa sauti, uwanja mzima, maneno ya kumwambia mtoto. Gaone, baba yako naye aliwahi kuwa mtoto. Gaone, kulikuwa na nguzo. Nilianza hivyo kila mara, na kila mara nikajisikia nikipanga mahali pa kunyamaza kidogo ili avute pumzi. Nikalaani, nikaanza upya.

Jumamosi asubuhi nilipita bomba la maji, nikapita duka la Mchina, nikabisha kwenye lango lao. Thuso alikuwa ameketi kizingitini, amekunja mikono, hakuitika salamu. Boitshepo alitoa viti viwili vya plastiki akaviweka chini ya paa la mabati, akaketi kimoja. Gaone akatoka ndani akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Alikuwa mrefu. Hakuna aliyeniambia kwamba atakuwa mrefu. Alikuwa amesukwa nywele vizuri, na magoti yake yalikuwa na vumbi, na alinitazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyekuja kutengeneza kitu.

"Huyu ni baba yako," akasema Boitshepo. "Ana jambo la kukwambia."

"Shikamoo," akasema Gaone, kwa adabu.

Niliketi, nikainuka, nikaketi. Mikono yangu sikujua pa kuiweka, nikaikalia.

"Mama yako hakuanguka," nikasema. "Ni mimi nilimpiga. Nilimpiga na mguu wa kigoda usoni, mfupa ukavunjika. Ndiyo maana anatafuna upande mmoja. Nilikuwa nikimpiga siku nyingi kabla ya hapo, na yeye hakunipiga. Ndiyo maana nilifungwa."

Gaone alimtazama mama yake. Boitshepo aliitikia kwa kichwa. Mtoto akanyoosha mkono, akaligusa lile taya polepole kwa vidole viwili, mahali lilipoingia ndani, kana kwamba hajawahi kuliona. Thuso kule kizingitini alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa nini?" Gaone akauliza.

Nayo ikaja, jamani, ikaja yote mpaka kwenye ulimi. Nguzo, baridi, kamba ya ngozi. Ilikuwa ya kweli, kila neno. Mtoto angenionea huruma, nilijua ni sentensi ya ngapi angenionea huruma. Nilimtazama Boitshepo na nikaona kwamba anaisubiri, ameikunjia uso tayari.

"Nilitaka aniogope," nikasema.

Gaone akawaza. Ana tabia ya kuuma mdomo wa chini akiwaza, sikuijua.

"Na mimi unataka nikuogope?"

"Hapana. Wewe hapana. Sitaki."

"Lakini nakuogopa," akasema, akakaa pale pale nyuma ya kiti, ameshika bega la mama yake.

Nikamwambia sawa. Boitshepo akamuuliza kama anataka nije tena Jumamosi nyingine, naye akasema hajui, atasema Ijumaa. Nikaaga, nikatoka, nikafunga lango.